Mke ana njiti, kaambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Njiti si zinalinda?

#1 Mbao Laini (Makambako)
Wakuu kwema? Naomba mnisaidie kabla sijavunja nyumba. Mke wangu ana zile njiti mbili za mkononi, aliwekwa baada ya mtoto wa pili kuacha ziwa. Juzi kati akaanza kulalamika tumbo la chini linauma na anatokwa uchafu wenye harufu. Kaenda kituo cha afya, karudi na dawa na kikaratasi kwamba na mimi niende. Kaambiwa ni magonjwa ya ngono.

Swali langu: njiti si zinalinda? Siku anawekwa tuliambiwa amekingwa miaka mitano. Kama amekingwa, ugonjwa umepita wapi? Na kama hazilindi, basi kautoa wapi, maana mimi niko kwenye mbao Mafinga wiki nzima, narudi Jumamosi. Wenye uelewa tu. Matusi sitaki.

#2 Tingo la Tunduma
Yaani wewe ndiye unayelala Mafinga wiki nzima, halafu unauliza yeye kautoa wapi? Hahaha. Nimeshuka kwenye gari, nakaa hapa na kahawa yangu.

#3 Kitulo Maua
Tingo umeua. Mkuu Mbao, njiti zinalinda mimba. Hiyo miaka mitano ni ya mimba. Hakuna nesi aliyekwambia ni miaka mitano ya kisonono.

#4 Sista Mkunga
Mbao pole. Nafanya kazi kliniki ya uzazi wa mpango huku Mufindi, na swali lako nalisikia kila siku, tena kwa akina mama wenyewe.

Njiti inaachia homoni kidogo kidogo. Homoni hiyo inazuia yai lisipevuke, na inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipenye. Sindano ya miezi mitatu nayo ni hivyo hivyo, vidonge navyo ni hivyo hivyo. Kwa mimba njiti ni kiboko: katika wanawake 100 kwa mwaka ni nadra hata mmoja kushika. Sindano, kwa jinsi watu wanavyoitumia huku mitaani, wanashika kama 4, vidonge kama 7, kwa sababu ya kusahau tarehe. Kondomu peke yake kama 13, maana leo inavaliwa, kesho haivaliwi.

Lakini kwa kisonono, kaswende, klamidia, trikomonasi, homa ya ini B na VVU, njiti, sindano na vidonge ni sawa na hakuna kitu. Kondomu ndiyo inayofanya kazi zote mbili. Ndiyo maana tunawaambia: njiti kwa ajili ya mimba, kondomu kwa ajili ya magonjwa, vyote kwa pamoja. Wanaitikia "sawa sista", halafu wanaenda.

Jambo la pili, na hili usiliruke: uchafu ukeni si lazima uwe wa zinaa. Fangasi si zinaa. Bakteria wa kawaida wa ukeni wakivurugika, harufu ya samaki inatoka bila mtu kutoka nje ya ndoa. Aliambiwa amekutwa na nini hasa? Alipimwa au aliulizwa tu?

#5 Mzee wa Ulanzi
Kijana, usiharakishe. Vyoo vya stendi hivyo. Mama anasafiri, anajisaidia, anarudi na ugonjwa. Sisi wazee tumeyaona haya.

#6 Kitulo Maua
Shikamoo mzee. Ila hicho choo kimeokoa ndoa nyingi sana nchi hii.

#7 Ndizi za Tukuyu
Mnamkimbilia mwanamke bure. Mimi nasema ni njiti zenyewe. Mama watoto wangu alichoma sindano, akawa anatoka matone ya damu mwezi mzima, mara harufu, mara muwasho. Alipoacha, kila kitu kikakaa sawa. Hizi homoni zinavuruga mazingira ya ndani. Mtoa mada, zitoe hizo njiti kwanza kabla hujamtuhumu mtu.

#8 Maabara Kimya
Nijibu mawili hapo juu.

Mzee wa #5: mdudu wa kisonono akikauka amekufa, choo hakimfikishi popote. Trikomonasi anaweza kuishi muda kidogo kwenye kitambaa kibichi, ndiyo maana watu wanataja taulo za kuazimana, lakini njia yake halisi ni tendo.

Ndizi wa #7: matone ya damu ni kweli, sindano na njiti zina tabia hiyo, hasa miezi ya mwanzo. Na damu ikikaa muda mrefu harufu inabadilika. Ila kuhusu bakteria kuvurugika, tafiti zikijumlishwa zinaelekea upande wa pili: wanaotumia homoni wanaonekana kupata tatizo hilo pungufu kuliko wasiotumia. Kinachovuruga zaidi ni kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu, vitunguu saumu na yale maji ya kuambiwa na mashoga.

Sasa la Mbao. Vituo vingi vidogo havina kipimo cha klamidia. Wanatibu kwa dalili. Ukisema uchafu na tumbo la chini, unapewa dawa za kuua wadudu wote wanaodhaniwa, na mwenzi anaitwa. Si kosa la nesi, mwongozo wa kutibu uko hivyo ili mtu asirudi nyumbani bila dawa. Lakini maana yake kile kikaratasi hakithibitishi kwamba ana ugonjwa wa zinaa. Kinasema inawezekana.

#9 Tingo la Tunduma
Mtoa mada amekimbia uzi wake. Mafinga kuna mtandao, najua.

#10 Bint Mwanjelwa
Mimi nasikia sindano ya miezi mitatu inafungua mlango wa ngoma. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika mpaka huku kwetu Mbeya, wakakuta wanaochoma sindano wanapata VVU zaidi. Ndiyo maana Njombe iko 14% mpaka leo, maana huko sindano ndiyo habari ya mjini.

#11 Parachichi Hass (Njombe)
Bint, umebeba mambo matatu kwa mkupuo, yote yamepinda.

Utafiti unaousema unaitwa ECHO. Haukufanyika Mbeya wala popote Tanzania. Ulikuwa Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini, wanawake 7,829, majibu yalitoka Juni 2019. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine sindano, wengine njiti, wengine kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni kabisa. Makundi yote matatu hayakutofautiana kwa kiwango cha kutisha. Baada ya hapo, Agosti mwaka huo huo, WHO wakaondoa lile angalizo la sindano kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa ya VVU.

Njombe 14 ni namba ya zamani, 14.8 ya utafiti wa 2011-12. Wa 2022-23 ulitoa 12.7 kwa Njombe, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Bado tunaongoza, sikatai. Ila usitusingizie sindano.

#12 Bint Mwanjelwa
Sawa Parachichi, asante kwa namba. Ila kwenye huo utafiti wako hakukuwa na kundi la wasiotumia chochote. Umelinganisha sindano na njiti na kitanzi. Je, kama vyote vitatu vinaongeza kidogo? Hapo umejuaje?

#13 Sista Mkunga
Hilo swali zuri, na waliulizwa. Kuweka kundi la wanawake wanaotaka kupanga uzazi halafu uwanyime njia ni kuwabebesha mimba makusudi. Kwa hiyo jibu ulilonalo ni la kulinganisha njia kwa njia.

Lakini kuna kitu kwenye utafiti huo huo ambacho watu hawakitaji. Wanawake 397 waliambukizwa wakiwa ndani ya utafiti, karibu 4 kwa kila 100 kwa mwaka. Hao walipewa ushauri na kondomu za bure kila walipohudhuria, na wote walikuwa na njia bora ya kuzuia mimba. Mimba ilizuiliwa. Virusi havikuzuiliwa.

#14 Kabwe Stendi
Njombe sababu ni tohara, kila mtu anajua. Wabena na Wahehe zamani hawakutahiri, na tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kupata VVU kwa mwanamke kwa kama 60%. Ndiyo maana zile kampeni za tohara zilikuja kwetu kwa nguvu.

#15 Parachichi Hass
Kampeni zimepita, vijana wametahiriwa, namba bado iko juu. Sema barabara. Malori ya Zambia yanalala Makambako, yanalala Tunduma. Ongeza mashamba ya chai, ongeza kambi za mbao, wanaume mwezi mzima mbali na wake zao wana hela mfukoni.

#16 Mzee wa Ulanzi
Na kurithi wajane mmesahau. Na ulanzi, nikiri mwenyewe. Msimu wa mvua ulanzi ukitoka kwa wingi, hakuna anayekumbuka kondomu.

#17 Tingo la Tunduma
Malori tena. Kila uzi wa Nyanda za Juu Kusini lazima tuhukumiwe sisi. Watu waliotulia wapo hata barabarani.

#18 Kabwe Stendi
Tingo, kwenye #2 ulikuwa na kahawa yako unacheka. Kunywa.

#19 Mama Pacha (Iringa)
Habari za humu. Nikitoka kidogo kwenye mada: mnasema njiti kwa mimba ni kiboko. Mdogo wangu yuko Ilula analima nyanya, ana njiti mbili, zina mwaka na kitu mkononi. Amekutwa na mimba. Mume wake kasema zile njiti ziliwekwa hewa, mama mkwe anasema ameroga. Amebaki analia tu. Nini kinafanya njiti ifeli?

#20 Ndizi za Tukuyu
Zilikuwa zimekwisha muda. Hizi bidhaa zinakaa stoo.

#21 Kabwe Stendi
Au alikuwa na mimba changa tayari siku anawekwa. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida, hawapimi.

#22 Mama Pacha
Kabwe, njiti zina mwaka na zaidi. Hiyo mimba ya mwaka na nusu ni ya tembo?

#23 Sista Mkunga
Mama Pacha, mdogo wako anatumia dawa yoyote ya muda mrefu? Kifua kikuu, kifafa, ARV?

#24 Mama Pacha
Yesu. Anatumia za TB. Alianza Machi.

#25 Sista Mkunga
Basi hapo. Dawa za TB zina rifampisini ndani yake, miezi yote sita. Rifampisini inaharakisha ini kuvunja homoni, kwa hiyo njiti ipo mkononi, inaachia dawa, lakini ini linaifagia kabla haijafanya kazi. Vidonge vya majira hali kadhalika. Dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinafanya hivyo hivyo. ARV za zamani zenye efavirenzi pia zilikuwa zinazishusha nguvu njiti, ila tangu 2019 nchi ilianza kuhamia kwenye dolutegraviri, ambayo haina shida hiyo. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayohimili rifampisini. Alipoanza dawa za TB alitakiwa aulizwe anatumia njia gani ya uzazi. Kliniki ya TB na kliniki yetu ni milango miwili tofauti, na mgonjwa ndiye anayebeba habari katikati.

Kwanza kabisa ahakikishiwe mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi. Mimba ya njiti ni nadra, lakini ikitokea, uwezekano wa kutunga nje ni mkubwa kuliko mimba ya kawaida. Akipata maumivu makali upande mmoja au kizunguzungu, asisubiri. Kama iko sawa, njiti zitolewe, mtoto hatadhurika kwa homoni hiyo. Na dawa za TB asiache.

#26 Mama Pacha
Iko ndani, amepiga ultrasound. Sasa Sista, hiyo ultrasound inasema mimba ilitunga mwishoni mwa Februari. Dawa alianza Machi. Hapo rifampisini imeingiaje?

#27 Maabara Kimya
Ultrasound ilipigwa mimba ikiwa na umri gani? Ikichelewa, inaweza kupishana wiki mbili au zaidi. Februari mwishoni ikawa Machi katikati kirahisi.

#28 Mama Pacha
Kama miezi minne.

#29 Ndizi za Tukuyu
Au tarehe ya ultrasound ni sahihi na njiti zilikwisha muda, kama nilivyosema. Mnakataa tu kwa sababu nimesema mimi.

#30 Kitulo Maua
Au alikuwa anakunywa dawa za kienyeji za kifua kabla ya kwenda hospitali. Wengi huanzia huko, na hakuna anayejua mle ndani kuna nini.

#31 Mama Pacha
Alikunywa. Mizizi, ya mama mkwe. Huyo huyo anayesema ameroga.

#32 Mzee wa Ulanzi
Hahaha! Poleni mwanangu.

#33 Isanga Boy
Wakuu, na P2 je, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo? Demu wangu ni mwanachuo, anakunywa P2 kama karanga, anasema imemkinga na kila kitu. Niendelee?

#34 Bint Mwanjelwa
Uendelee wapi, mtoto wewe.

#35 Parachichi Hass
Isanga, P2 inachelewesha yai kutoka. Inatakiwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Kama yai limeshatoka, imepitwa. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haimlindi hata kwa tendo la kesho yake. Kuifanya njia ya kila wiki ni kuvuruga siku zake na bado kubaki na hatari kubwa ya mimba kuliko angechoma sindano.

Magonjwa? Sifuri. Kama hofu yako ni VVU, kuna dawa kinga nyingine kabisa ya baada ya tukio, nayo mwisho wake ni saa 72, unameza siku 28. Watu wanazichanganya kwa sababu ya hizo saa 72. Anakimbilia duka la dawa kununua P2, anapumua, muda wa ile nyingine unampita akiwa amelala.

#36 Isanga Boy
Sikujua hiyo ya pili. Asante mkuu.

#37 Ndizi za Tukuyu
Ila jamani tuseme ukweli, homoni zinaleta saratani.

#38 Sista Mkunga
Saratani ipi, Ndizi? Vidonge vya homoni mbili vinapunguza saratani ya ovari na ya mfuko wa uzazi, na faida inaendelea miaka mingi baada ya kuacha. Saratani ya matiti inaongezeka kidogo kwa anayetumia. Ya mlango wa kizazi nayo hupanda kidogo kwa aliyemeza miaka mitano na kuendelea, kisha hushuka akiacha. Lakini chanzo cha hiyo ni virusi vya HPV, na hivyo vinapita kwenye tendo, njiti na vidonge havivizuii, hata kondomu inavipunguza tu. Ndiyo maana ya chanjo ya mabinti iliyoanza nchi nzima 2018, na ya kile kipimo cha siki cha mlango wa kizazi tunachowabembeleza mje.

Na faida nyingine msizisahau. Wapo wanaokuja kwangu si kwa ajili ya mimba. Damu zinawatoka nyingi hadi wanapungukiwa damu, tumbo linawatesa kila mwezi. Vidonge vinawatuliza. Ila mwenye presha ya juu, au mvuta sigara aliyepita miaka 35, au mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, vidonge vya homoni mbili si vyake, damu inaweza kuganda. Aseme mapema, apewe njia nyingine.

#39 Kabwe Stendi
Nina swali la kijinga. Sista ulisema ute unakuwa mzito mbegu zisipite. Sasa mbegu ishindwe kupita halafu mdudu apite?

#40 Maabara Kimya
Si la kijinga. Mbegu ina safari ndefu mpaka kwenye mirija. Mdudu hana safari hiyo: kisonono na klamidia wanakaa pale pale mlangoni, VVU vinaingia kupitia ngozi laini ya uke, kaswende na malengelenge vinaingia popote panapogusana. Umefunga geti la ndani wakati mwizi kazi yake ni kuiba kuku uani. Kuna waliowahi kudhani ute mzito unawazuia wadudu wasipande juu kwenye mirija, lakini hilo halijafanya mtu yeyote aache kondomu kwa amani.

#41 Mbao Laini
Nimerudi. Nilikuwa msituni, si mtandao.

Nimeenda kituoni na mke, tumetibiwa wote wawili. Nimepewa vidonge na sindano moja ya makalio, nachechemea. Tumepima na VVU, tuko salama wote, tumeambiwa turudi baada ya miezi mitatu. Nimeuliza kama alipimwa ule uchafu, wakasema hapana, ni kwa dalili, kama alivyosema Maabara. Kwa hiyo mpaka sasa sijui ni ugonjwa gani, na dawa zimeshaingia, hata tukipima leo hatutakuta kitu.

Mimi sijatoka nje. Yeye anasema hajatoka nje. Kila mtu anamtazama mwenzake.

#42 Maabara Kimya
Klamidia na trikomonasi kwa mwanamke vinaweza kukaa miezi mingi bila dalili yoyote, na kwa mwanaume hivyo hivyo. Inaweza kuwa ya zamani, hata kabla hamjaanza kukaa wiki wiki. Inaweza pia kuwa si zinaa.

#43 Tingo la Tunduma
Au inaweza kuwa ya Jumatano, Mafinga.

#44 Mbao Laini
Tingo nimesema matusi sitaki.

#45 Ndizi za Tukuyu
Toa njiti.

#46 Kitulo Maua
Akitoa njiti atapata mtoto wa tatu, na uchafu utabaki pale pale. Mbao, msikutane mpaka wote mmalize dose, la sivyo mnarudishiana. Au mtumie kondomu, ndani ya ndoa pia inavaliwa.

#47 Mbao Laini
Nikileta kondomu nyumbani sasa hivi ndiyo nitakuwa nimekiri kosa ambalo sikulifanya.

#48 Bint Mwanjelwa
Aiseee. Hapo sasa.

#49 Mzee wa Ulanzi
Kijana, kwenye hizo dawa kuna Flagyl? Kama ipo usiguse kilaji, utatapika mpaka roho. Mimi yalinikuta msibani.

#50 Mbao Laini
Ipo mzee. Asante, nilikuwa naelekea.

#51 Mwana Kyela
Samahani naingilia. Njiti moja ya mke wangu imefikisha miaka mitatu mwezi huu, kadi imepotea. Inatolewa bila kadi?

#52 Sista Mkunga
Inatolewa. Aende popote penye huduma ya uzazi wa mpango, wataipapasa mkononi. Asiende Jumatano kama kituo chenu ni kama chetu, siku hiyo tunakuwa vijijini kwenye huduma ya mkoba. Na kama anatumia dawa za TB au za kifafa, aseme kabla hajawekewa nyingine.

#53 Mama Pacha
Amina kwa hilo la mwisho.